Tagi ya wageni kwenye msumari wa Mzee Uledi

Jua limeshapanda juu ya mabati ya soko la Bariadi, na Fatu Uledi amemwaga mfuko mzima wa vidude vya bluu juu ya meza yake. Anachukua kimoja na kukisogeza nyuma ya simu. Simu inalia. Anachukua kingine. Simu inalia tena. Cha tatu, hivyo hivyo.

"Vyote vinaongea," anasema, akivisukuma pembeni kwa kiganja. "Na hapo ndipo penye kazi. Vingenyamaza ningefurahi."

Watu waliojazana mbele ya kibanda wanacheka, ingawa hakuna aliyekuja kuchonga ufunguo. Yupo muuza mchele. Yupo fundi viatu wa jirani, ambaye ameacha kiatu cha mteja kikiwa na sindano ndani. Yupo mama aliyekuja kuuliza bei ya kufuli na sasa kufuli amelisahau. Wote wamekuja kuuona mfuko wa Mzee Januarius, mwenye ghorofa anamopanga Kwandu mshonaji, maana habari zake zinazunguka mji tangu Jumapili watu walipotoka kanisani.

Fatu, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, ni fundi funguo, kazi aliyorithi kwa baba yake. Siku hizi anaitwa pia fundi tagi. Tagi ndivyo hivyo vidude: vipande vya plastiki vyenye umbo la tone la maji, unavyovitia kwenye pete ya funguo. Ukigusisha tagi kwenye kiboksi kilichopigiliwa kando ya mlango, taa inageuka kijani na mlango unaachia. Hakuna tundu, hakuna kuzungusha.

"Hizi zote ni bluu, zote zimetoka Mwanza, zote zinang'aa," anasema Fatu. "Lakini mlango wa Kaka Januarius hauzitambui. Ni kama mtu aliyekosea msiba. Amekuja na kanga yake, analia vizuri, ila wafiwa wanaulizana, huyu nani?"

Kicheko kinapasuka upya. Mtu mmoja tu hacheki. Kwandu Mayige, mshonaji wa sare za shule na rafiki wa Fatu tangu utotoni, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni.

"Chekeni tu," anasema. "Mama yangu anakuja Alhamisi. Akikalishwa tena kwenye ngazi na kuku wake kama muuza mitumba, mimi nahama kwenye hiyo nyumba. Wallahi, ingawa mimi Mkatoliki."

Hiyo nyumba ni ghorofa la Januarius Mahona lililoko mtaa wa Malambo. Mzee huyo, mfanyabiashara wa pamba, alilijenga kwenye kiwanja ilipokuwa nyumba ya marehemu mama yake, Mama Martha. Mwaka jana pikipiki ya mpangaji iliibwa uani mchana kweupe. Mzee akakasirika, akamwita fundi kutoka Mwanza, akaweka mlango wa chuma unaofunguliwa kwa tagi. Kila familia ikapewa tagi mbili.

Kwa mtu na mkewe, tagi mbili zinatosha. Kwa Kwandu ilikuwa kama kupewa sahani mbili siku ya harusi.

Kwake hapakauki watu. Ametoka Lingeka, huko wilayani Meatu kwenye pamba na ng'ombe, na kila anayetoka kwao kuja mjini hufikia kwake. Huyu ana kliniki, yule anamtafutia mtoto shule, mwingine ameleta dengu akaachwa na basi la kurudi. Chungu chake cha ugali majirani wanakijua kwa ukubwa.

"Sisi kwetu mgeni hapigi simu kwanza," anasema. "Mgeni anakuja. Akikuta mlango umefungwa, anafikiri mambo mawili tu: umekufa, au umemkasirikia."

Mwezi Machi mama yake, Bibi Kabula, alishuka kwenye basi la asubuhi kutoka Mwanhuzi akiwa na kuku wawili na simu iliyokwisha chaji. Kwandu alikuwa amekwenda Lamadi kufuata vitambaa. Wapangaji walipita, wakamsalimia bibi kwa heshima zote, wakagusisha tagi zao, wakaingia. Hakuna aliyemwingiza, kwa sababu tangazo lilibandikwa mlangoni: usimfungulie mtu usiyemjua.

Bibi akakaa kwenye ngazi hadi alasiri. Mji mzima unaijua hadithi hii, na kila anayeisimulia huongeza chumvi yake, lakini sehemu moja haibadiliki. Kuku mmoja alitaga palepale kwenye ngazi. Kwandu alipofika mbio, mama yake alikuwa ameshasimama na kujitwisha mzigo wake. Alikataa kuingia. Lile yai aliliweka taratibu chini ya kiboksi cha mlango, akasema, "Mpeni mwenye mlango, maana naona ana njaa."

Akaenda kulala kwa ndugu wa Somanda. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa binti yake. Amesema hatakuja mpaka mlango umjue. Sasa macho yanamsumbua, hospitali ya mkoa imempangia Alhamisi, na amekubali kujaribu kufikia kwa Kwandu kwa mara ya mwisho.

"Hiyo 'ya mwisho' mimi namjua mama yangu," anasema Kwandu. "Hatanii."

Ili kuelewa kwa nini shida ya mlango wa ghorofa imeishia kwenye kibanda cha bati, inabidi kurudi nyuma, kwa baba yake Fatu.

Mzee Uledi Abubakari alitoka Ujiji miaka ya sabini akiwa na jiliwa moja la kubania chuma, tupa tatu na kanzu ya Ijumaa. Alipata nafasi barazani kwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, akafunga jiliwa lake kwenye gogo, akaanza kuchonga. Siku zile hapakuwa na mashine. Ufunguo mmoja ulichongwa kwa mkono, kwa macho na kwa sikio, na anayesubiri alipewa kahawa na kashata ili asihesabu muda.

Nyuma ya jiliwa alitundika ubao wa mninga wenye misumari. Mwanzoni ulikuwa wa kazi zilizokamilika. Baadaye watu wakaupa kazi nyingine.

"Sikumbuki nani alianza," anasema Fatu. "Nafikiri ni walimu, walipokwenda likizo. Wakawa wanamwambia baba, Mzee Uledi, mdogo wangu atakuja, mpe ufunguo. Baadaye wakaja wa pamba. Msimu wa kuchuma nyumba nzima inahamia shambani, ufunguo unaachwa kwa Uledi. Wa mnadani nao wakaleta. Ikafika mahali mtu ukimuuliza unakaa wapi, anakwambia, shuka kwenye basi, nenda kwa Uledi."

Mgeni alipofika hakukabidhiwa ufunguo hivi hivi. Kwanza zilikuja salamu za Kisukuma, za kuulizana umeamkaje na kujibiana salama tu, na zilikuwa ndefu. Mwangaluka. Mwangaluka. Mhola? Mhola duhu. Kisha Mzee Uledi, Mmanyema aliyejifunza Kisukuma chake chote kwenye kibaraza hicho, aliuliza, "Ng'wa nani?" Yaani wewe ni wa kwa nani. Mgeni akataja baba, akataja babu, akataja kijiji. Majina yakikubaliana na aliyoachiwa na mwenye nyumba, ufunguo ulishuka. Yasipokubaliana, kahawa iliongezwa na mtoto alitumwa kuuliza.

Kwenye kila ufunguo alifunga uzi. Mwekundu wa Malambo, mweupe wa Somanda, mweusi wa njia ya Nyakabindi. Wazee wa mji wanasema hapakupotea ufunguo hata mmoja, na wanalisema kwa sauti ya watu wanaojua mji wa sasa ulivyo.

Visa navyo havikukosa. Kipo cha bwana mmoja aliyerudi kutoka Shinyanga baada ya kimya kirefu, akakuta mkewe ameacha agizo kwamba ufunguo asipewe. Bwana alifoka hadi sokoni wakasikia. Mzee Uledi akamtazama juu ya miwani yake, akasema, "Ufunguo upo, bwana. Ruhusa ndiyo haipo." Akammiminia kahawa. Inasemekana bwana yule alikunywa vikombe mpaka mkewe akaja mwenyewe kumchukua, akimsema njia nzima.

"Nyumba yetu ilikuwa haina ukimya," anasema Fatu, na hapa anaacha kucheka. "Mimi nimekua nikijua nani anaoa, nani kafiwa, nani kapata ng'ombe wa mahari, kabla wenyewe hawajatangaza. Baba alikuwa hasemi, lakini funguo zilikuwa zinasema. Ukiona ufunguo wa fulani umetundikwa siku tatu, ujue kuna jambo."

Simu za mkononi ziliumaliza ubao huo bila ugomvi. Mgeni akawa anapiga, mwenyeji anarudi au anamwelekeza kwa jirani. Kufuli za bei rahisi zikaja na funguo nne nne. Misumari ikabaki mitupu mmoja baada ya mwingine. Mzee Uledi alipofariki, Fatu alirithi jiliwa, tupa na ubao. Alitundika kalenda juu yake, kuficha utupu.

Nyuma ya kalenda umebaki ufunguo mmoja wenye uzi mwekundu. Nyumba yake ilishavunjwa. Hakuna aliyemwambia autoe, naye hakutaka kuutoa.

Siku ya kwanza mteja alipomletea tagi na kumwambia amchongee nyingine, Fatu aliigeuza huku na huku. "Nilitafuta meno sikuyaona," anakumbuka. "Nikamwambia, baba, hiki ni kidoli. Akaniambia, mama, hicho kidoli ndicho kinanifungulia ofisi."

Hakumrudisha. Alimwomba asubiri, akampigia simu Constantine, fundi wa umeme kutoka Mwanza anayefunga milango ya aina hiyo mkoani Simiyu. Urafiki wao ulianza hapo. Constantine akija Bariadi hupita kibandani na kumweleza Fatu habari za tagi, na Fatu humfungulia makufuli yaliyomshinda. Hakuna anayemdai mwenzake.

Kwa siku nzuri Fatu anapata shilingi elfu ishirini. Zipo siku anarudi na harufu ya mafuta ya tupa tu.

Katika kutenganisha tagi amerudia nyuzi za baba yake. Tagi zake anazo kwenye mkebe wa maziwa ya unga, zimefungwa uzi mwekundu na uzi mweupe. Rangi ya plastiki haitazami.

"Sikiliza," anasema, na waliosimama wanasogea. "Mlango unakusalimia. Kile kiboksi kinatoa salamu muda wote, wewe huisikii. Tagi ikisogea, inaitika. Sasa kuna milango ya sauti nzito, ya chini, na kuna milango ya sauti nyembamba, ya juu. Tagi ya sauti ya juu, hata uigongeshe kwenye mlango wa sauti ya chini mpaka ipasuke, haitaitika. Haijui hiyo salamu."

Simu ya bintiye Nasrin ndiyo kipimo chake cha kwanza, kwa sababu ni ya aina inayoweza kusoma tagi za sauti ya juu. Tagi ikiifanya ilie, inafungwa uzi mweupe. Isipolia, anaiweka kwenye kimashine chake kidogo cha mkononi kinachosikia sauti ya chini. Kikiwaka kijani, uzi mwekundu.

Tagi ya zamani ya Kwandu, ile inayofungua mlango, haikuifanya simu ilie. Kimashine kikawaka. Ni ya uzi mwekundu. Mfuko mzima wa Mzee Januarius ni wa uzi mweupe.

Mwenyewe anatokea wakati Fatu akirudisha tagi mfukoni. Ni mrefu, kofia ya pama, fimbo mkononi. Umati unafungua njia kwa adabu, ile adabu yenye kicheko nyuma yake.

"Binti Uledi, mwangaluka."

"Mwangaluka, kaka. Karibu. Mfuko wako mzuri, ila si wa hapa."

"Nilikwenda na tagi mkononi," anasema Mzee Januarius, akikaa kwenye benchi. "Nikamwekea muuzaji mezani. Akaweka yake pembeni. Bluu kwa bluu, umbo kwa umbo. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ulizichagua kama ndama, mzee," fundi viatu anadakia.

"Ndio. Kama ndama. Nimenunua ng'ombe kwa rangi maisha yangu yote."

"Na wewe mzee! Ng'ombe weupe wote ni wa zizi lako?" fundi viatu anamtania.

Hata Mzee Januarius anacheka, akitikisa kichwa. Kosa lake wamelifanya wengi. Kwa watu waliokulia mifugoni, rangi ni jina la mnyama na ni hati yake ya nyumbani. Ng'ombe mwenye doa begani anatambuliwa hata akiwa amevuka mto. Tagi hazikulelewa hivyo.

Fatu anamweleza taratibu. Kabla ya kununua, mtu aulize fundi aliyefunga mlango unasikia sauti gani. Aende dukani na tagi inayofanya kazi, lakini asiridhike na sura. Anunue moja, airudishe nyumbani, aijaribu mlangoni. Ikiitika, ndipo achukue mfuko.

"Si hapa hapa unazo?" anauliza mzee. "Nipigie nakala za hii ya Kwandu, kumi na tano, tumalize."

"Naweza. Lakini nakukataza."

Benchi zima linamgeukia.

"Nakala inatumia namba ileile ya tagi iliyonakiliwa," anaendelea Fatu. "Nikikupigia kumi na tano, mlango utadhani ni Kwandu anaingia na kutoka siku nzima kama kumbikumbi. Moja ikipotea, utataka kuifuta. Ukiifuta, zote zimekufa, na ya Kwandu imekufa. Chukua mpya za uzi mwekundu, kila moja namba yake. Constantine aziandikishe kwenye mlango kwa majina. Ikipotea ya fulani, inafutwa ya fulani, wengine wanalala."

Mzee anatikisa kichwa kukubali. Kwandu anainuka kwenye ndoo yake.

"Na wageni, mzee?"

"Wageni vipi?"

"Mama yangu anakuja Alhamisi. Mimi nina shule mbili za kupima sare siku hiyo. Siku mbili baadaye atakuja shangazi, wiki ijayo mtoto wa kaka. Nitamwandikisha nani nimwache nani?"

Uso wa Mzee Januarius unakunjamana. "Mayu," anasema, yaani mama kwa Kisukuma, "pikipiki ya mpangaji wangu ilitolewa na mtu aliyesema ni mgeni. Nikigawa tagi kama karanga, kesho watatoa na mlango wenyewe. Kila nyumba nitaiongezea moja. Wageni hapana."

"Basi nitafute fundi wa kubeba vitanda," anasema Kwandu, na sauti yake haina mzaha.

Fatu anasogeza kalenda pembeni. Ubao wa mninga unaonekana, mweusi kwa moshi wa miaka, na msumari mmoja tu umeshika kitu.

"Kaka Januarius. Ulipokuwa shule ya bweni, ukirudi likizo ukakuta Mama Martha yuko shamba, ulikuwa unaingiaje ndani?"

Mzee anautambua ule uzi mwekundu. Anasimama, anaushusha ufunguo, anaufuta kutu kwa kidole gumba.

"Huu bado upo?"

"Hukuja kuuchukua."

"Baba yako alikuwa ananiuliza, ng'wa nani, kila nikija. Kila nikija! Ananijua tangu nabebwa mgongoni, lakini nimtajie baba na babu kwanza." Anacheka kidogo, kisha anaacha. "Mama alikuwa anasema, ukifika mjini, kabla hujaona nyumba, salimia Uledi."

Watu wa kibandani wanasogea kuuona ufunguo kwa karibu.

Fatu anamwambia anachofikiri: tagi moja tu, ya wageni wa nyumba nzima. Isikae kwa Kwandu wala kwa mpangaji mwingine. Ikae hapa. Mpangaji anayetarajia mgeni apite amtaje, mgeni akifika aulizwe, na jina likikubaliana apewe.

"Na asiyetajwa?"

"Tagi ipo, ruhusa haipo. Kahawa atakunywa."

Mzee Januarius anaurudisha ufunguo kwenye msumari. "Nitafikiri," anasema, na kuondoka na mfuko wake wa bluu. Kwandu anamsindikiza kwa macho. "Akifikiri mpaka Ijumaa, mama yangu atakuwa ameshatoa yai jingine."

Jumatano jioni Constantine anafika kutoka Mwanza na kompyuta yake mgongoni. Wapangaji wamejaa uani, watoto wamepanda ngazi ili waone. Fatu amekuja na mkebe wake wa maziwa. Anatoa tagi moja ya uzi mwekundu, wanaiandikisha, anaigusisha kwenye kiboksi.

Taa inageuka kijani. Mlango unaachia. Watoto wanapiga makofi kana kwamba bao limefungwa.

Baada ya hapo kazi inakwenda haraka. Constantine anasoma jina, mpangaji anasogea, tagi inaandikwa. Mzee Januarius amesimama kando, mikono nyuma, akihesabu familia zake kwa midomo. Ya mwisho inapoisha, Constantine anaanza kufunga kompyuta.

"Bado," anasema mzee.

"Nyumba zimeisha, mzee."

"Ongeza moja."

"Niandike jina gani?"

Mzee anakohoa. Anamtazama Kwandu, anatazama ngazi, pale alipokaa bibi na kuku wake. "Andika Wageni. Inaweza kulala jua likizama?"

"Inaweza. Naipangia, asubuhi inaamka, magharibi inalala."

"Ilale na kuku," anasema Mzee Januarius. "Usiku mgeni ampigie mwenyeji wake."

Kwandu anapiga kigelegele ambacho, kwa ushahidi wa fundi viatu, kilisikika hadi sokoni. Kisha anamgeukia mwenye nyumba. "Na lile yai, mzee? Ulilifanya nini?"

"Sikulila," anasema. "Nani angeweza kulila lile?"

Alhamisi, basi la Mwanhuzi linaingia likiwa limechelewa kidogo. Bibi Kabula anateremka na kitenge begani na jogoo mmoja na tetea mmoja miguu imefungwa kamba. Haendi Malambo. Ameelekezwa, anakuja moja kwa moja kibandani, akitembea pole pole kwa sababu ya macho.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Fatu anamjua. Amekula kwake Lingeka likizo za utotoni, amelala kwake, amewahi kuchapwa naye kwa kosa la Kwandu. Hata hivyo anavuta pumzi na kuuliza, "Ng'wa nani?"

Bibi anasimama wima. Uso wake unabadilika, unakuwa wa mtu aliyekutana na kitu alichodhani kimezikwa. Anataja baba yake. Anataja babu yake. Anataja Lingeka, na mto, na mji wa mume wake. Anachukua muda wake wote, na hakuna anayemharakisha.

Fatu anashusha tagi kwenye msumari na kumwekea kiganjani.

"Huu ndio ufunguo?" Bibi anaupapasa. "Meno yake yako wapi?"

"Hauna meno, mayu."

"Basi tumefanana." Anacheka na fizi zake zote nje, na soko linacheka naye.

Anasindikizwa hadi Malambo na fundi viatu, ambaye siku hiyo hakuna kiatu alichomaliza. Yeye ndiye anayeleta habari: bibi aligusisha mwenyewe, taa ikawaka kijani, na kabla ya kuingia aliuambia mlango, "Umenijua sasa?"

Mchana kibanda kikiwa kimetulia, Fatu anaeleza mipango yake. Anataka kusomea ufungaji wa milango ya umeme katika chuo cha ufundi, asimsumbue Constantine kila mara. Tayari mwenye hosteli moja amepita kuuliza habari za msumari wake. Mwingine wa maduka amesema atakuja. Kalenda ameihamishia ukuta wa nje.

"Sitaki utajiri wa kutisha," anasema. "Nataka misumari yote ishike kitu tena. Nataka mtu akishuka kwenye basi Bariadi asianze kuhangaika na simu. Aje hapa, aulizwe ni wa kwa nani. Siku hizi watu wanazeeka hawajaulizwa hilo swali."

Mzee Januarius amepita mara moja, akajifanya anaulizia kufuli. Alitazama ubao. Tagi haikuwepo, ufunguo wa mama yake ulikuwepo. Akaondoka akiwa ameridhika, bila kununua chochote.

Jua linapoegemea upande wa Lamadi, Bibi Kabula anarudi. Ameshaonwa hospitalini, jicho moja limefunikwa bandeji, Kwandu amemshika mkono. Angeweza kumpa binti yake tagi airudishe, lakini amekataa. Kitu cha kwa Uledi, anasema, hurudishwa na aliyekichukua.

Anaitundika mwenyewe, akiutafuta msumari kwa vidole. Kisha anafungua ncha ya kitenge na kutoa yai, bado lina joto.

Kwandu anashtuka. "Mama! Tena? La mwenye mlango?"

"Na mwenye mlango tumeshamalizana," anasema bibi, akiliweka kwenye kiganja cha Fatu. "Hili ni la mwenye msumari. Likaange, ule. Wabeja, asante sana."